Dari la Vitambaa

Wadogo zangu wa lenjeri, tangu nirudishe ufunguo wa kabati mmenitumia ujumbe mara tatu mkitaka niwaandikie historia ya kazi. Historia siijui. Najua mashuka. Nimekaa miaka thelathini na minne katika lenjeri, kile chumba cha mashuka kilicho nyuma ya jiko la hospitali, kati ya vyungu vya kuchemshia na dirisha linalotazama kamba za kuanikia. Nikifumba macho sasa hivi, kitu cha kwanza kuja ni weupe: mashuka arobaini yamejaa upepo, yanapanda na kushuka polepole kama kifua cha mtu aliyelala vizuri. Basi nitaandika hayo. Nani alipandishwa cheo na nani alinuna, mwulizeni katibu, yeye ndiye mwenye mafaili.

Nitaandika Kiswahili cha kanisani, kile tulichofundishwa na masista, kwa sababu Kiswahili chetu cha Likasi ni kitamu mdomoni lakini ukikiweka kwenye karatasi kinakimbia huku na huku kama mbuzi aliyekata kamba. Watu wakisema, nitawaacha waseme kama walivyosema.

Nilizaliwa Shituru, katika nyumba za kampuni ya madini, pale babu yangu alipowekwa alipofika kutoka Kasai. Mnazijua nyumba zile: mlango mmoja, madirisha mawili, ukuta uleule, rangi ileile, safu baada ya safu mpaka macho yanachoka. Mama yangu hakukubali. Alitarizi pazia la mlango, bata wanne wanatembea mmoja nyuma ya mwingine, wote wamevaa viatu. Majirani walicheka, kisha mmoja akaja kuomba mchoro. Baba alikuwa akitoka zamu ya kiwandani na usingizi machoni, na alisema bila bata wale angeingia kwa watu na kula bukari yao. Nadhani niliyajua hayo kabla ya kujua kusoma, kwamba pambo ndilo linaloifanya nyumba ikuite kwa jina lako.

Niliingia kazini Jumatatu ya mvua, nimevaa viatu vya dada yangu. Mkuu wa lenjeri alikuwa Mama Felisite, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na cherehani ya kukanyaga aliyoipaka mafuta kila asubuhi kabla ya kunywa chai yake mwenyewe. Hakuniuliza karatasi za shule. Alinipa shuka akaniambia nilishike mbele ya dirisha, akauliza ninaona nini. Nilijibu kwamba naona shuka. Akaniambia niangalie tena. Ndipo nikaona: pembeni kitambaa kilikuwa kizito, lakini katikati mwanga ulipita kama kwenye ganda la kitunguu.

"Shuka inakufa mu katikati," alisema, "sababu muntu analala mu katikati. Pembeni yake ingali mutoto."

Hiyo ndiyo ilikuwa shule yangu yote. Unalikata shuka katikati kwa urefu, unaligeuza, zile kingo zenye nguvu zinakuwa katikati, na unaziunga kwa mshono bapa ili mgonjwa asiusikie mgongoni. Likifa mara ya pili linakuwa shuka la kitanda cha mtoto. Kisha kitambaa cha kutandika chini ya mgonjwa, kisha nepi, kisha bandeji, mwishoni kitambaa cha kupangusia meza. Shuka jema liliishi maisha saba. Mimi nimeishi moja tu na magoti tayari yanalalamika.

Kilichobaki, vipande vidogo kuliko kiganja, Mama Felisite alivitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Mchana, vyungu vikichemka na mvuke umejaa chumba mpaka hatuonani vizuri, alikuwa akivitoa na kushona wanyama. Wa kwanza niliyemwona alikuwa samaki, ananing'inia dirishani kwa uzi, jicho lake kifungo cha shati. Nilimwuliza kwa nini samaki, sisi watu wa mbali na maji. Alisema samaki hana miguu, na miguu ndiyo inayochelewesha kazi. Lakini samaki yule alikuwa akigeuka ndani ya mvuke, polepole, mara huku mara kule, na mimi nikasahau sindano mkononi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilifikiri nimekuja kupata kazi, na kumbe nimeingia chini ya maji.

Wanyama wale hawakuwa na mwenyewe. Mmoja alikwenda jikoni, na mpishi aliapa kwamba anafukuza nzi, jambo ambalo halikuwa kweli. Wengine walikwenda na wanawake wa kufua. Mama Felisite alinifundisha kwamba mnyama wa mtoto hawekwi kifungo, macho yake yanatariziwa kwa uzi, maana kila kilicho na kifungo mtoto anakimeza. Alinifundisha kuweka sindano kwenye kola na si mdomoni. Alinifundisha kwamba mkasi wa kitambaa ukikata karatasi hata mara moja unakuwa mkasi wa karatasi, na hausamehe. Tulikaa pamoja miaka kumi na mmoja. Alipostaafu alinikabidhi cherehani kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi mtoto wa ubatizo, akaenda zake bila hotuba.

Baada yake mambo yalibadilika. Mashuka mapya hayakuja tena. Wagonjwa walianza kuletewa vikwembe, yaani vitenge, kutoka nyumbani, na vitanda vyeupe vikawa vitanda vya maua, vya jogoo, vya feni na mioyo. Ilikuwa inapendeza machoni, lakini vyungu vyetu vilikaa baridi, na nikasikia maneno kwamba chumba cha lenjeri kingefaa kuwa stoo ya vitanda vilivyovunjika. Niliogopa. Sikungoja kazi inifuate. Nilichukua sindano, uzi wa rangi mbili, na nikaanza kupita wodi za wagonjwa, pavilioni baada ya pavilioni, nikiuliza kama kuna kilichochanika. Hivyo ndivyo nilivyofika kwa watoto, na hivyo ndivyo nilivyomkuta Ngalula.

Ngalula alikuwa na miaka minane. Baba yake alivunja mawe ya chokaa kule Kakontwe, na alipokuja kumwona alifika moja kwa moja kutoka kazini, nyusi zake nyeupe kwa vumbi, amezeeka ghafla mpaka utakapompa maji ya kunawa. Msichana alikuwa ameanguka kutoka kwenye mpera, mfupa wa paja ukavunjika. Walimlaza chali, mguu umevutwa juu kwa kamba na mfuko wa mchanga, na walisema atakaa vile wiki saba. Kile kitambaa kilichoshika mguu kilikuwa kimeanza kuchanika, ndiyo sababu nilielekezwa kwake. Nilishona nimeinama. Yeye alikuwa akiangalia juu.

Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa.

"Tantine, unaona ile mbuzi? Ilikufa mbele nifike. Na hapana hata muntu moya anaizika."

Niliinua kichwa. Miaka yote niliyokaa hospitalini sikuwahi kuangalia dari la pavilioni ile. Mbao zilikuwa zimevimba kwa mvua, na juu ya kitanda chake kulikuwa na doa la kahawia, kubwa, lina tumbo, lina pembe mbili, na miguu minne imeelekea juu. Alikuwa ni mbuzi kweli, na amekufa kweli. Msichana yule alikuwa ameishi naye siku kumi na tisa.

Nilicheka. Halafu nikarudi lenjeri na sikuweza kula.

Mume wangu, Kalala, alikuwa fundi wa mabomba hapo hospitalini, mtu wa maneno machache na ngazi ndefu. Nilimwambia nina mbuzi wa kuzika. Akaenda kuleta ngazi. Nilikuwa nimechukua shuka lililokufa mara tatu, laini kama mvuke, nikalitia rangi ya buluu hafifu, na juu yake nikashona kilima cha majani mabichi kutoka kwenye pindo la kikwembe. Mama Jenerose, muuguzi mkuu wa pavilioni, alikubali kwa sharti moja, kwamba kitambaa kisianguke kwenye uji. Kalala akafunga waya mbili, tukakivuta kitambaa, na mbuzi akawa chini ya kilima. Ngalula alifuata kazi yote kwa macho. Tulipomaliza alisema sasa ni lazima waje waombolezaji.

Basi nilianza kupokea oda. Ndege watano, mmoja mnene kwa sababu ni mjomba. Tembo mwenye mkoba. Treni yenye masikio, maana alisema kama haina masikio itasikiaje watu wanaoiita stesheni. Niliishonea masikio ya velveti yaliyotoka kwenye kola ya koti la mtu. Watoto wa vitanda vya jirani wakaanza nao kudai, na mama zao wakawa wananiletea pindo za vikwembe vyao, kipande cha mkono, kipande cha mfuko. Ngalula alipofika wiki ya tano kitandani, vitanda kumi vilikuwa na mbingu yake kila kimoja, na zote zimeshikana.

Mngeiona saa nane mchana. Madirisha wazi, hewa inaingia kutoka upande wa bustani, na dari yote inapumua. Mwanga ulipita kwenye yale mashuka mepesi ukafika kwenye nyuso za watoto umekuwa wa buluu na wa njano, na vivuli vya ndege vilitembea juu ya blanketi bila haraka. Wauguzi walishusha sauti bila kuambiwa. Mama mmoja aliyekuja kuchukua mtoto wake aliyepona alikaa saa nzima zaidi, amepakata mzigo wake, anaangalia. Mimi nilikuwa napita pale kwa visingizio. Nilikuwa na furaha iliyokaribia kuwa dhambi.

Ndipo akaja Docta Mwamba. Alitoka Lubumbashi, kijana, viatu safi, anaandika kila kitu. Siku yake ya pili alisimama katikati ya pavilioni, akaangalia juu, akaomba kiti. Alipanda, akapitisha kidole juu ya bawa la ndege, akashuka na kunionyesha kidole. Kilikuwa cha kijivu. Alisema kwa upole, jambo lililonikera zaidi kuliko kama angepiga kelele, kwamba humo mna vumbi, mna mende, mna mbu wanaolala mchana, na chini yake kuna watoto wenye vidonda. Viondolewe kesho.

Nilikasirika siku nzima. Lakini ninyi ni watu wa kazi na nitawaambia ukweli: alikuwa na haki. Niliyajaza matumbo ya wanyama wale kwa vitambaa vilivyokatwakatwa, nikawafunga juu kwa waya, na tangu siku hiyo hawakuguswa na maji. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuchemsha. Furaha ilikuwa imenipofusha. Kalala alivishusha vyote asubuhi, na dari likarudi lilivyokuwa.

Ngalula alifumba macho. Siku ya kwanza walidhani amelala. Siku ya pili alikataa uji na hakutaka kusema na mama yake. Siku ya tatu Docta Mwamba alipopita alimshika paji la uso, akakuta hana homa, akaangalia mguu, mguu ulikuwa unaendelea vizuri. Akamwuliza kwa nini hafumbui macho.

"Nayapumuzisha," alisema Ngalula bila kuyafumbua. "Kule juu hapana tena kintu."

Mama Jenerose ndiye aliyenieleza yaliyofuata, kwa sababu mimi nilikuwa nimejificha lenjeri. Alisema daktari alipiga magoti kando ya kitanda na viatu vyake safi, akaweka shavu lake kwenye mto, karibu na shavu la msichana, na akaangalia juu kutoka pale. Alikaa hivyo mpaka wauguzi wakaona haya wakageukia mambo mengine.

Mchana alikuja mlangoni kwangu. Nilijifanya nakunja mashuka yaliyokuwa yamekunjwa tayari.

"Mama Ndaya, hii bintu yako inaweza kuchemka?"

"Shuka yote inaweza kuchemka, Docta."

"Kila juma?"

"Kila juma."

"Na kama rangi inatoka?"

"Yenye inatoka rangi, haiingie," nilisema.

Aliandika hayo kwenye daftari lake. Huo ndio ulikuwa mkataba wetu.

Nilianza upya. Ndege wote wakawa bapa, tabaka mbili za kitambaa, bila kitu ndani. Kila kipande kilipata tundu za vifungo kwenye ukingo, na Kalala aliweka nyaya zenye kulabu ili mtu mmoja aweze kuvitoa bila kupigana navyo. Kwa watakaopenda kujaribu: tundu la kifungo shoneni kwanza, ndipo mlikate, wala msifanye kinyume. Ijumaa vilishuka vyote, vikachemshwa kwa sabuni, vikasuuzwa mara mbili, vikaanikwa juani pande zote. Vilipigwa pasi ya moto sana, na Jumamosi vikapanda, kila juma mahali pengine, ili mtoto aliyekaa muda mrefu asichoke na ndege mmoja. Siku nne nilikanyaga cherehani mpaka miguu ikavimba. Siku ya tano tulivitundika, na kabla ya kipande cha mwisho Ngalula alikuwa ameshafumbua macho na anatuambia tumekosea, treni haiwezi kwenda mbele ya ndege mjomba, ni kukosa heshima. Juu ya yale majani mabichi alinitaka niongeze mbuzi mdogo aliyesimama, kwa sababu yule mwingine alikuwa amezikwa vya kutosha.

Alipona. Siku ya kuondoka alimwomba baba yake ambebe juu ili aguse treni. Baba alimwinua, na vumbi lake likabaki kwenye gauni la mtoto. Ngalula alishika sikio moja la velveti, akalikunja, akaliachia.

"Niliyua ni shuka tu," aliniambia, kwa adabu kabisa, nisije nikafikiri kwamba nilimdanganya.

Sasa nitasema la Yosua, na nitalisema mara moja.

Alikuwa mtoto wa miaka miwili, wa kwetu Shituru. Malaria ilikuwa imemla damu. Alilazwa chini ya ndege wa njano ambaye nilimkosea miguu, ilikuwa mirefu mno, inaning'inia kama kamba za viatu. Siku nne alikuwa akiinua mkono kuelekea miguu ile, anafungua vidole, anafunga. Mama yake alimshikia kiwiko asichoke. Ijumaa nilifika na ngazi kwa ajili ya kushusha vitambaa, na kitanda kilikuwa kitupu. Yule mama alikuwa amekaa pembeni yake na kikwembe kimekunjwa kwenye mapaja. Aliniomba ndege. Alisema anataka kwenda naye pamoja na mtoto.

Lazima muelewe nilivyokuwa. Kila kitambaa cha lenjeri kilikuwa na muhuri wa hospitali, na kilicho na muhuri hakitoki. Mimi mwenyewe niliwahi kusimamisha watu mlangoni na shuka chini ya nguo, na niliona fahari. Ndege wale niliwapiga muhuri wote, kwenye ncha ya bawa la kushoto, wino mweusi. Nilimwambia yule mama anisubiri.

Nilikwenda lenjeri. Muhuri ule hautoki kwa sabuni wala kwa jaweli ya kung'arishia mashuka, na tuliuchagua kwa sababu hiyo. Nilikaa na ndege mkononi, najua sheria, na najua kwamba mwenye kuisimamia ni mimi. Kisha nilikata ncha ya bawa. Nilipinda ukingo kwa mishono midogo kuliko yote niliyowahi kushona, bawa moja likawa fupi kuliko lingine. Nikamchemsha, kwa maana sikutaka aende na vumbi la hospitali, na kwa kuwa hapakuwa na muda wa jua nikampiga pasi mpaka akauka.

Nilimpelekea. Alimpokea kwa mikono miwili, akamweka shavuni.

"Iko na moto," alisema.

Alikwenda, na dada zake wawili wamemshika. Mimi nilipanda ngazi nikaendelea kushusha vitambaa vingine, kwa sababu ilikuwa Ijumaa.

Kile kipande chenye muhuri nilikaa nacho mfukoni siku mbili. Siku ya tatu nilikwenda ofisini kwa Docta Mwamba nikakiweka mezani kwake, nikamweleza nilichofanya. Nilikuwa tayari kwa barua ya kufukuzwa. Alikishika kipande kile, akakigeuza, akauliza yule ndege alikuwa na jina gani. Nilisema hakuwa na jina, alikuwa wa njano. Akaniambia, kwa sauti ndogo, ndege wasipigwe tena muhuri.

Basi tangu siku hiyo dari lile lilikuwa la yeyote. Wanyama wengi waliondoka. Waliondoka na waliopona, na waliondoka na wasiopona, na mimi nilikuwa nikishona wengine. Mara nyingine mlango ulifunguliwa na mwanamke nisiyemkumbuka akanirudishia tembo aliyefuliwa na kukunjwa vizuri, akisema mtoto wake amekuwa mkubwa, na labda kuna mwingine anayemhitaji. Nyumba nyingi za mji huu zimekuwa na kipande cha pavilioni yetu juu ya kitanda au juu ya televisheni. Kuna aliyemfanya ndege wangu kuwa kifuniko cha redio. Nilimwona nilipokwenda kwenye msiba wa mtu, na aliifaa redio ile.

Mwaka wa kabla ya kustaafu kwangu, wafadhili walikuja kutengeneza paa. Docta Mwamba, ambaye sasa ana mvi na viatu vya kawaida, alitembea mwenyewe mpaka lenjeri kunieleza: paa jipya, dari jipya la plastiki nyeupe, taa nzuri, na hakuna mahali pa kulabu. Alisema kama mtu anayeomba radhi. Nilimwambia mvua ikinyesha usiku sasa hakuna atakayesogeza vitanda, na hiyo ni bora kuliko tembo. Nilisema kweli, na bado ninaisema.

Tulivishusha mara ya mwisho siku ya jua kali. Nilivichemsha vyote, nikavipiga pasi, nikavipanga kwenye meza ya korido, na akina mama wa pavilioni wakapita mmoja mmoja kuchagua. Hawakusukumana. Mmoja alisimama sana kati ya treni na mwezi wenye kofia, kisha akamwuliza mtoto mgongoni, na mtoto akaonyesha mwezi. Nilidhani nitalia, lakini nilikuwa bado napiga pasi vipande vya mwisho, na ukilia juu ya pasi unaunguza kazi. Jioni meza ilikuwa tupu, na mimi nikaifuta.

Nilistaafu mwezi wa mvua. Kalala alikuwa amestaafu miaka mitatu kabla yangu. Tulikaa nyumbani Shituru kama wageni wawili wanaongoja kuitwa, yeye akirekebisha mabomba yasiyovuja, mimi nikikunja vilivyokunjwa. Wiki tatu sikugusa sindano. Nilikuwa nimeshashona vya kutosha, nilimwambia kila aliyeuliza, na niliamini. Katika wiki ya nne Kalala alijenga kibanda cha kuku nyuma ya nyumba, kwa mabati na mbao za sanduku, imara, kimenyooka, kama kila alichojenga maishani mwake.

Siku moja alikuja akasimama mlangoni, kofia mkononi. Katika ndoa yetu yote Kalala hakuwahi kuniomba kitu chochote cha kushona zaidi ya vifungo. Ngazi aliibeba, waya alifunga, na kama alipenda au hakupenda yale tuliyotundika, hakusema.

"Mama Ndaya," alianza, akaangalia upande wa uani. "Kile kibanda ya kuku. Naona sawa vile kiko uchi."

Nilimwuliza kuku wanajua nini.

"Beko na macho," alisema.

Nilikata pazia siku ileile. Nilitumia kikwembe changu cha zamani cha buluu, nikaweka juu yake jua lenye sharubu, kwa sababu sharubu ni rahisi na pia kwa sababu nilijisikia hivyo. Nikatoa tundu sita za vifungo, maana nimejifunza, Ijumaa linashuka na linachemka. Kalala aliweka kulabu. Kuku walikaa mbali siku mbili, siku ya tatu wakaingia kama wenye nyumba.

Mayai hayakuongezeka. Lakini kila jioni, jua likishuka nyuma ya bomba la moshi la kiwanda na upepo ukianza kulicheza lile pazia, mume wangu anachukua kiti chake, anakipeleka uani, anakaa ameelekea kibanda mpaka giza linaanza. Nikimwuliza anaangalia nini, anasema anahesabu kuku. Tuna kuku watano.